Tone Moja la Mafuta

Mtu akikuibia kuku, utamshtaki kwa chifu. Sasa mtu akikuibia heshima yako mbele ya uwanja mzima, tena kwa maarifa uliyompa wewe mwenyewe bure, utamshtaki wapi? Mzee Mabonga hakupata jibu. Na aliyemfanyia hayo hakuwa adui yake. Alikuwa Nelima, aliyemwita Mwalimu kwa miaka kumi na mmoja na kula ugali nyumbani kwake kila Jumapili.

Mabonga alikuwa mwanzisha mbio. Hapa Eldoret hata mtoto atakutajia nani alishinda mbio gani na mwaka gani, lakini muulize ni nani aliyefyatua bastola, atakukodolea macho tu. Ni yeye. Miaka thelathini na mmoja, tangu akifundisha shule ya msingi kule Turbo mpaka akastaafu, mashindano ya kaunti yalianza na mkono wake wa kulia ukiwa hewani. Mwaka huu chama cha riadha kilimwahidi jambo moja. Majaribio ya kuchagua timu ya taifa yangefanyika Eldoret, wiki moja tu baada ya fainali za kaunti, na yeye ndiye angeyaanzisha, kisha akabidhi bastola akapumzike. Hiyo ndiyo kwaheri aliyoitaka. Mke alikuwa ameshamzika, watoto wako mbali, na hakuna kitu kingine alichokuwa akikingojea.

Bastola yenyewe haikuwa ya kuua mtu. Ilikuwa ya risasi baridi, zile zenye baruti na kishindo bila chuma cha kwenda popote. Kwa hivyo siku ya kwanza Nelima alishangaa kumwona mzee ameifungua mezani, amekunja mikono ya shati kama daktari.

"Lakini Mwalimu, si hii ni kelele tu? Ya nini kuiosha kila saa?"

"Sufuria yako unaiosha lini?"

"Nikishapika."

"Hata ukipika chai ya mtu mmoja?"

Nelima akacheka. "Hata hiyo."

"Basi. Bastola ikilia, hailali chafu. Ilie mara moja, ilie mara hamsini, unaisafisha siku hiyo hiyo. Masizi ya hizi risasi ni mabaya. Ukiyaacha siku mbili na huu unyevu wetu, yanaanza kula chuma. Na kama haijalia, unaifungua mara moja kwa mwezi uitoe vumbi."

Akamwonyesha. Brashi ndani ya mtutu, kitambaa cha pamba mpaka kitoke kikiwa cheupe, mswaki wa zamani kwenye matundu sita ya risasi. Mwisho kabisa mafuta ya cherehani. Hapo Nelima akainamisha chupa akamimina kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayekaanga mandazi, na mzee akamdaka mkono.

"We! Tone moja! Mafuta yakiingia kwenye haya matundu, risasi inakaa ndani inalowa, na baruti ikilowa hailii. Weka tone moja kwenye kifyatulio, halafu ukaushe matundu kabisa."

Kisha akampa sheria ya mwisho, ile aliyoipenda kuliko zote. Bastola ikikataa uwanjani, kosa ni la mwenye bastola. Hulaumu risasi, hulaumu mvua, humlaumu mwenzako. Unavua kofia unasema ni mimi.

Nelima aliyashika yote. Haki ya Mungu, aliyashika.

Na usidhani alipata nafasi ile kirahisi. Wazee wa chama walicheka wakasema mwanamke ataruka akisikia mlio wake mwenyewe. Mabonga ndiye aliyesimama akawaambia, msipomchukua huyu, tafuteni mwingine wa kuwafyatulia. Wakamchukua. Akawa msaidizi, akapewa ufunguo wa pili wa sanduku la chuma la bastola, na kazi ya kujaza risasi asubuhi ya mashindano ikawa yake, kwa sababu anayeangalia wakimbiaji hapaswi kuhangaika na risasi. Miaka yote hiyo mzee hakuwahi kukagua alichojaza Nelima. Utamkagua mtoto wako?

Alhamisi kabla ya fainali za kaunti walifyatua za mazoezi, na mzee akakaa kusafisha katika chumba kidogo chini ya jukwaa. Alipofika kwenye mafuta akaitikisa chupa, akaigonga kiganjani, likatoka tone moja.

"Chupa imekauka," alisema. "Lakini limetosha. Jumatatu nitapitia kwa Salim ninunue ingine."

"Sawa, Mwalimu," Nelima akajibu, akianika kitambaa.

Jumamosi ikafika. Mgeni wa heshima ameketi, watu wamejaa mpaka kwenye nyasi. Mbio za kwanza, mita elfu moja mia tano, wanaume kumi na wawili wamejipanga, kila mmoja na ndoto yake. Mabonga akapokea bastola kutoka kwa Nelima, akainua mkono.

Ikasema tch.

Wawili wakachomoka, wakarudishwa. Akainua tena. Tch. Watu wakaanza kucheka, kwanza upande wa nyasi, halafu kote. Mara ya tatu hata nyundo ya bastola iligonga kwa uvivu. Mwenyekiti wa chama, bwana Wachira, akaja mbio na kipaza sauti mkononi, akaifungua ile bastola, mafuta yakamtiririkia kiganjani.

"Mzee, kwani ulikuwa unaikaanga?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ukasikia, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mabonga akamgeukia Nelima, si kwa kumshuku, la, kwa kutafuta msaada, vile mtu anavyotafuta uso wa mtu wake. Nelima alikuwa ameangalia chini.

"Mimi nilijaza tu," alisema polepole. "Sikuchungulia ndani. Alhamisi ni Mwalimu aliyesafisha."

Basi mzee akafanya alichofundisha. Akavua kofia. "Ni mimi," alisema, na vipaza sauti vikaipeleka sauti yake hadi barabarani. "Nimezeeka. Nisameheni."

Nelima akaipangusa bastola haraka haraka, akajaza risasi nyingine, na alasiri yote ikalia mkononi mwake mara kumi na nne bila kukosa. Kabla jua halijazama chama kilikuwa kimeamua kwamba ni yeye atakayeanzisha majaribio ya taifa. Na unajua alifanya nini? Alimbebea mzee begi lake mpaka stendi. "Pole, Mwalimu," akamwambia, "hutokea." Yaani amuue mtu, halafu amshike mkono kumsindikiza kaburini!

Jumapili Mabonga alikaa nyumbani akiogopa kichwa chake. Alikumbuka kwamba mwezi uliopita aliacha mfereji wazi, na siku moja alitia chumvi kwenye chai. Labda alimimina mafuta akasahau. Labda akili inaondoka kidogo kidogo, kama ilivyomwondoka baba yake. Alilia, mzee wa miaka sitini na saba, peke yake kwenye kiti. Nelima hakuja kula siku hiyo.

Jumatatu alienda kwa Salim, mwenye duka la vipuri vya cherehani karibu na soko, kwa mazoea tu, maana hata bastola ya kutia mafuta hakuwa nayo tena.

"Mzee Mabonga! Karibu. Mafuta yameisha tayari?"

"Tayari vipi? Ndiyo nakuja kununua."

"Si yule binti yako wa uwanjani alichukua chupa Ijumaa? Alisema umemtuma."

Mabonga akashika kaunta. Likamjia lile tone moja la Alhamisi, na chupa kavu aliyoigonga kiganjani. Tone moja halijazi matundu sita. Kwa muda mfupi alifurahi, nakwambia alifurahi kweli, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kizima. Halafu furaha ikaisha, akaiegemea kaunta, na Salim akazunguka na kigoda.

"Mzee, kuna nini? Nilikosea kumpa?"

"Hukukosea, Salim. Asante ya punda tu."

"Ni mateke," Salim akamalizia, akimtazama bila kuelewa.

Hakunywa hata maji aliyopewa. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, kwenye chumba cha chini ya jukwaa, akamkuta Nelima akipanga namba za wakimbiaji. Bastola ilikuwa mezani, na kando yake chupa mpya ya mafuta.

"Salim anakusalimia," mzee alisema.

Nelima akaacha kupanga namba. Hakukana, hilo nalo tumpe. Alivuta pumzi akakaa.

"Mwalimu, mwaka juzi ulisema ni wa mwisho. Mwaka jana ukasema ni wa mwisho. Mimi nina arobaini na moja. Majaribio ya taifa yanakuja hapa mara ngapi? Ningebaki mjaza risasi mpaka nife."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Mabonga hakuwa mtu wa uongo, na ukweli ni kwamba asingempa. Lakini kuna kunyimwa na kuna kuchinjwa, na yeye alikuwa amechinjwa.

"Jana nilikaa nikidhani nimeingiwa na wazimu," alisema. "Hilo lilikuumiza hata kidogo? Sasa naenda kwa Wachira. Salim atasema aliyoyaona."

"Utamwambia nini, Mwalimu? Ulikiri mwenyewe, kwa kipaza sauti."

"Ulijua nitakiri."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Macho ya mzee yakashuka kwenye bastola, akaiokota, akaifungua. Masizi ya Jumamosi yalikuwa bado ndani, na kwenye mdomo wa mtutu kutu ilikuwa imeanza, nyekundu, nyembamba.

"Hukuisafisha."

"Nilikuwa na shughuli nyingi."

Akavuta kiti, akakaa. Alipiga brashi, akapitisha kitambaa, kingine, kingine, mpaka kikatoka cheupe, akasugua kutu mpaka ikaisha. Kisha akachukua ile chupa mpya, akaiinamisha juu ya matundu ya risasi, na hapo mkono ukasimama. Nelima aliuona. Alijua vizuri kinachoweza kutoka pale, maana alishakifanya.

Wale wakimbiaji hawakumkosea kitu. Hilo ndilo alilojiambia mzee. Akasogeza chupa, akaweka tone moja kwenye kifyatulio, akakausha matundu yote sita, akaiweka bastola sandukuni na ufunguo wake juu.

"Asante, Mwalimu," Nelima alisema kwa sauti ndogo.

"Usiniite hivyo tena. Na hii chupa ni yangu. Si nilikutuma?"

Akaondoka nayo mfukoni. Kwa Wachira hakwenda; alishakiri mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwake Turbo, redio mezani. Mtangazaji akasema wanariadha wako kwenye mstari, akasema Nelima ameinua mkono, akasema uwanja umetulia. Mabonga akajikuta amesimama, ameishika redio kwa mikono miwili, na yeye, mzee wa kanisa, anaomba: ikatae. Mungu wangu, ikatae mara moja tu.

Ikalia. Ililia kavu na safi, mlio mmoja usio na kigugumizi, kama ilivyolia kwa miaka thelathini na mmoja, kwa sababu mikono iliyoisafisha ilikuwa ni ile ile.

"Huyu mama anaitunza silaha yake," mtangazaji akasema, na watu wakapiga makofi.