Mapafu ya Karani

Kisu kilipofika katikati ya pafu la punda, kilikwaruza.

Daktari Justina alisita, akakata tena polepole. Kilikwaruza vilevile, kama kinakata muhogo wenye mchanga. Ng'ambo ya meza, nyuma ya zahanati, mzee Jilala alisimama na kofia mkononi kama mtu aliye msibani. Na kweli alikuwa msibani, wenye kucheka na wacheke. Punda yule alimbebea mawe ya dhahabu tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofungwa mwaka 1966 na watu wakaanza kujichimbia wenyewe. Alimwita Karani, maana alipenda kusimama akitazama wengine wakifanya kazi. Jana alikohoa, akapiga magoti, akafa.

Daktari alikuwa akizunguka huku kutafuta kinachowaharibu vifua wachimbaji, ndiyo maana aliyaomba mapafu hayo. Kwenye mabeseni alikuwa nayo ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nguruwe.

"Tazama, baba," alisema. "La ng'ombe limegawanyika vipande vipande. La punda halina migawanyo mingi, na huko ndani limejengwa karibu na la mtu kuliko haya mengine."

"Kuliko ng'ombe?"

"Kuliko ng'ombe."

Jilala alikasirika waziwazi. "Mwanangu, mimi Msukuma. Nifanane na punda, ng'ombe yupo?"

Daktari alicheka. Jilala naye akacheka, kikohozi kikamkatiza, akakohoa mpaka akaishika meza. Kifua hicho alikwisha kukizoea. Alikipata mashimoni, na hakumlaumu mtu.

"Lakini punda hashuki shimoni," daktari alisema mzee alipotulia. "Huyu vumbi hili la mawe linalokwaruza kisu alilipata wapi?"

"Sijui. Usiku alilala kibandani, fisi wasimle. Hata mchana jua likiwa kali tulimwingiza."

"Kibandani mnafanya nini?"

"Mke wangu anatwanga mawe. Tunaziba kila tundu, maana upepo ukiingia unabeba unga, na dhahabu imo kwenye unga."

Daktari aliweka kisu chini. "Mama anakohoa?"

"Mimi ndiye ninayekohoa."

"Sikukuuliza wewe, baba."

"Ana mafua," Jilala alisema, na mara akaogopa, kwa sababu ndivyo alivyowaambia majirani kuhusu Karani.

"Pafu likishakuwa hivi sina dawa ya kulirudisha," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Mtoe mama kwenye vumbi, baba. Leo."

Jilala alirudi nyumbani kwa haraka ambayo kifua chake hakikuitaka. Tangu uani alisikia mchi wa chuma ukipiga. Mkewe, Esta, alikuwa ndani ya kibanda, nyusi nyeupe kwa unga, jasho likichora mistari mashavuni.

"Mama Ngassa, toka nje."

"Nimalizie debe hili."

"Daktari kasema sisi ni ndugu zake punda."

Esta aliangua kicheko, na mwisho wa kicheko akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu. Akajifuta mdomo, akaushika mchi tena. Jilala alimpenda mkewe, na hofu iliyomwingia hapo haikuwahi kumwingia hata siku shimo lilipomfukia. Alitoka, akachukua jembe, akaanza kuubomoa ukuta wa upande wa ziwa, unakotoka upepo.

"Baba Ngassa! Una wazimu? Upepo!"

"Uingie."

"Utatubebea kazi yote!"

"Ubebe."

Fito zilikatika, udongo ukaporomoka. Upepo ukapita, na unga ukaanza kuinuka kutoka kwenye kinu. Esta hakutoka. Alivua kanga ya kichwani, akakifunika kinu, akakiinamia na kukikumbatia kwa mikono miwili, macho kayafumba, huku jembe likiendelea kupiga na mwanga wa nje ukimfikia mgongoni.