Kilo Tisa

Kurwa alimtangulia Doto kuzaliwa kwa dakika kumi na mbili, na tangu siku hiyo hakuwahi kumtangulia tena kwa jambo lolote. Jambo hilo lilimtia wivu, na yeye mwenyewe hakuukana. Alikuwa ameulea miaka miwili, tangu meneja wa timu ya mbio za magari alipowaita ofisini baada ya jaribio, achague dereva mmoja kati ya hao mapacha.

"Kurwa, umemzidi mwenzio kilo tisa," meneja alisema. "Gari likibeba uzito linachelewa kuchanganya mwendo. Wewe tusaidie kwenye injini."

Basi Doto akavaa kofia ya dereva, Kurwa akavaa ovaroli. Doto akipigwa picha, Kurwa yuko uvunguni mwa gari, inaonekana miguu tu.

Mwaka huu meneja akatangaza kuwa kiti kitashindaniwa upya. Kurwa akaacha kula usiku. Mkewe alipika, akafunika, akafunua, akala peke yake.

"Mume wangu, unashindana na ndugu yako au na sufuria zangu?"

Kurwa alikuwa amepiga magoti sebuleni na kigari cha rimoti alichokinunua kwa ajili ya utafiti. Alikiendesha juu ya zulia akiwa na saa mkononi, kisha akakibandika nati mgongoni na kukiendesha tena. Kila alipoongeza nati, kigari kilichelewa zaidi.

"Umeona? Nguvu ni ileile, mzigo umezidi. Ni kilo tu."

Mkewe akazitoa nati, akakiweka kigari kwenye vigae. "Bonyeza sasa."

Kurwa akabonyeza mpaka mwisho. Magurudumu yakazunguka bure palepale, kigari kikaenda upande. Mkewe akamnyang'anya rimoti, akabonyeza taratibu, nacho kikaondoka kimenyooka mpaka mlangoni.

"Hivyo ni vigae, vinateleza," Kurwa akasema.

"Na changarawe mnazopita kwenye mbio, hazitelezi?"

Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya jaribio walipimwa kwanza. Kurwa alikuwa mwepesi kuliko Doto kwa kilo nzima, akausoma mzani mara mbili kwa raha. Kazi ilikuwa mita mia moja za changarawe, kuanzia gari limesimama. Doto akaondoka bila kelele nyingi, akamaliza kwa sekunde sita. Kurwa akaingia, akakumbuka picha zote ambazo hakupigwa, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Mawe yakaruka nyuma na gari likatetemeka palepale kabla halijakumbuka kwamba lina safari. Sekunde saba.

"Huo mzani wenu mbovu," Kurwa akasema.

Meneja akamvuta pembeni. "Kilo tisa haziwezi kula sekunde nzima. Hata miaka miwili iliyopita ulikanyaga hivihivi, kama mtu anayemkomoa mwenzake. Tairi likizunguka bure, nguvu yote inaishia kwenye mawe."

"Sasa mbona uliniambia uzito?"

Meneja akatazama viatu vyake. "Doto aliniomba. Alisema wewe ndiye mkubwa, nisikuaibishe."

Kurwa akamtazama ndugu yake, aliyekuwa akihangaika na kamba ya kofia iliyokwisha kufunguka zamani. Miaka miwili alikuwa amemwonea wivu kwa kiti na kwa picha. Sasa alimwonea wivu kwa jambo hili, na hili lilimchoma kuliko yote, maana alijua kwamba yeye asingemwombea mwenzake hivyo.

Doto akaja na mkate wake wa mchana. "Kaka, umekula?"

"Sijala."

Doto akaukata, akampa kipande kikubwa. Kurwa akaona kuwa ni kikubwa, akakasirika, akakila chote.