Chungu cha Bwana Zima

Mume wangu akiingia kwenye chumba chenye taa, taa hiyo ina bahati mbaya. Majirani wanamwita Bwana Zima, naye hakatai jina. Ni fundi bomba. Kutwa anaziba maji yanayovuja kwa watu, na akirudi nyumbani anaendelea na yetu: swichi, mfuniko wa sufuria, kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama ukucha. Maji yaliyooshea mboga yanamwagilia mboga nyingine. Maharage yakichemka vizuri yanaepuliwa na kufukiwa ndani ya kapu lililojaa matambara, yamalizie kuiva humo bila moto. Mimi ni mshonaji, najua thamani ya kipande. Lakini kuna siku nilitamani kutupa kitu, chochote, kwa raha tu ya kutupa.

Sikutupa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa dawa ya mtoto. Binti yetu ana kisukari. Tunamwita Kifungo, maana alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha shati la mteja, nikamkimbiza hospitali na shati lenyewe mkononi. Kila tulichokibana, umeme, mkaa, maji, kiligeuka kuwa insulini, na insulini inataka baridi. Ndiyo sababu tulikuwa na friji. Ndani yake hamkuwa na soda wala nyama. Mlikuwa na vichupa vya Kifungo.

Nyanya na mboga zilikaa nje ya mlango wa jikoni, kivulini, kwenye mtambo wa Bwana Zima: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu gunia lililoloweshwa. Maji yakikauka taratibu, ndani kunapoa. Mimi nilikiita kaburi la nyanya, na kila mgeni nilimwonyesha ili tucheke wote.

Basi dada yangu akajifungua, tukaenda kwake tulale siku mbili. Kichupa kinachotumika kilikuwa kwenye mkoba wangu, kimefungwa kitambaa kibichi. Vingine vyote tuliviacha nyumbani. Muuza dawa alikuwa ametuambia tununue vyote vilivyopo, kwani mzigo mwingine hata yeye hajui utafika lini.

Siku ya pili, mchana, tunakula, friji ya dada ikaanza kunguruma kwenye kona. Mume wangu akaitazama. Tonge likabaki mkononi.

"Vipi shemeji, hujawahi kuona friji?" dada akamtania.

Hakucheka. Aliniita nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nepi.

"Mama Kifungo, nadhani nimeizima."

"Umezima nini?"

"Friji. Wakati tunatoka jana. Nilipita kila swichi, kama kawaida yangu. Mkono ulikwenda wenyewe."

Tangu jana asubuhi! Paa la bati, madirisha yamefungwa, na jua lile la utosi. Nilitaka kupiga kelele, lakini ndani kulikuwa na mzazi na kichanga. Nikasema tu, "Tafuta gari."

Akakodi teksi. Mtu anayebishania bei ya limau moja aliingia ndani ya teksi bila kuuliza nauli. Hapo nikajua anaogopa kama mimi.

Kifungo alikaa katikati yetu.

"Mbona tunarudi?"

"Tumesahau kitu," nikamjibu.

"Kitu gani?"

"Nyamaza kwanza."

Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. "Mama, kama ni ile..."

"Nimesema nyamaza!"

Akanyamaza. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia baba yake. Nitamwambia ubahili wako utatuulia mtoto. Nitamwambia umeokoa umeme, haya, mdunge huo umeme. Na katikati ya maneno hayo hofu ilikuwa ikipenya. Cha mkobani kitaisha wiki hii hii. Baada ya hapo? Akilini nilimwona muuza dawa akitikisa kichwa dirishani kwake. Nilimshika Kifungo mkono, nikaubana mpaka akaniambia namuumiza.

Kufika nyumbani, mume wangu akashindwa kuingiza ufunguo kwenye kitasa. Nikamnyang'anya. Swichi ya friji ilikuwa imezimwa kweli. Nilivuta mlango wa friji, joto lenye harufu ya mpira likanipiga usoni. Nikatia mkono kwenye rafu ya dawa.

Tupu.

"Vimeibiwa!" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Mume wangu aliketi sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

"Haviko humo." Kifungo alikuwa amekwisha kufika mlango wa jikoni. "Nilitaka kuwaambia kwenye gari."

Akainama juu ya kaburi la nyanya. Alisogeza gunia, akatoa kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani ya kopo kulikuwa na kijifuko kilichoshonwa kwa vipande vyangu vya vitambaa, rangi zisizopatana kabisa. Ni vipande vile vile nilivyomgombeza kwa kuvichokoa kapuni. Mshono ulikuwa umepinda. Nilivishika vichupa kimoja kimoja. Vilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Baba huzima kila kitu tukisafiri," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayekuambia kwamba mvua hulowesha. "Kwa hiyo mimi huvitoa. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki, akasema kwenye chungu vitakaa salama, ila visilowe. Tukirudi nawasha friji, navirudisha kabla hamjashusha mizigo."

"Tangu lini?" baba yake akauliza.

"Tangu tulipokwenda kwa bibi."

Ile ilikuwa safari ya mwaka jana, na tumesafiri mara ngapi tangu hapo!

"Mwanangu, kwa nini hukutuambia?"

Alikuwa akilikunja gunia, pembe kwa pembe. "Ningesema, mngegombana."

Tulidhani ni sisi tunaobana matumizi humu ndani, kumbe mtoto alikuwa akibana pumzi. Niliona aibu, na bado moyo ulikuwa ukinidunda kwa hofu ambayo haikuwa na kazi tena.

Mume wangu akainuka. Alichukua beseni la maji yaliyooshea mboga juzi, akalileta, macho yamemwiva. Gunia lilikuwa limeanza kukauka. Akashika upande mmoja, nami nikashika wa pili, tukalilowesha pamoja, tukafunika chungu.

Kifungo alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mtaanza sasa hivi," akauliza, "au mpaka nilale?"