Tawi la Rado

Tawi lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya njia panda, kichwa chini, likiipigapiga nguzo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nililijua kwa mlio kabla ya kulijua kwa macho. Nikasimama, nikashusha pumzi, nikawaambia wageni wangu wawili, "Mnaona? Niliwaambia. Leo tunakula kwa Rado."

Huku kwetu Karso, juu ya mji wa Trieste, mkulima hatundiki kibao cha kuita wageni. Siku chache tu kwa mwaka ndizo anazoruhusiwa kuuza mvinyo wake mwenyewe, na paja la nguruwe wake mwenyewe, mezani kwake. Siku hizo zikifika hukata tawi la mtambaa, ule mmea wa ukutani ambao hata theluji haiufanyi kitu, akalitundika njia panda, shina likielekea nyumbani kwake. Mvinyo ukiisha, tawi hushushwa siku hiyo hiyo. Basi anayelifuata hukuta mlango wazi, supu ya maharage na kabichi chachu ikitokota, na kitanda cha ghorofani kama miguu imegoma kurudi.

Mimi nimekula kwa kufuata matawi miaka hamsini. Jina langu ni Venceslav, watu wamelifupisha likawa Venci, na shule niliisoma kwa vipande: darasa la tatu huku, la tano kule, kusoma ramani nilifundishwa na baharia mlevi. Nimechuma zabibu za watu, nimefagia vituo vya treni, nimelala kwenye mabanda ya nyasi kavu nchi saba. Uzee uliponipata ukanikuta bado natembea, nikaanza kutembea na wengine: watu wa likizo waliochoshwa na hoteli ambazo ukiamka asubuhi hujui uko nchi gani. Hayo ni maneno ya Hanneke, si yangu. Yeye na mumewe Joost walitoka Uholanzi, nchi iliyo tambarare kama meza, na fundi viatu wa mtaani kwangu ndiye aliyewaleta. Aliwaambia, "Venci hana simu wala kadi. Ana pua."

"Mzee Venci," Hanneke aliita. Alikuwa amelisogelea tawi. "Mbona majani yake ni ya kahawia?"

Mimi niliona kitu cheusi kinaning'inia, basi.

"Ni vuli, mama. Vuli kila kitu ni kahawia."

"Hata mtambaa? Kwetu ukuta mzima wa kanisa umefunikwa nao, na sijawahi kuuona..."

"Kwenu ni kwenu," nilimkata. "Huku ni mawe matupu. Twendeni, upepo unakuja."

Joost alicheka. "Msamehe, mzee. Mke wangu amefundisha watu kilimo cha bustani miaka thelathini. Siku ya kuzikwa atamsahihisha mchimba kaburi."

Nikacheka naye. Nilikuwa nimesema uongo, tena uongo wa kitoto. Majira ya kuchipua yaliyopita, daktari mmoja mjini alinimulika macho kwa taa yake, akaniambia kwamba nyuma ya jicho kuna kitambaa kinachochakaa na hakishoneki. La kushoto limekwisha. La kulia linaondoka taratibu, likianzia katikati, kama mkeka ulioungua kwa kaa moja la moto. Akaniuliza naishi na nani. Nilimjibu, "Na miguu yangu." Nikatoka, na tangu siku ile sikumwambia mtu. Nani atamfuata kiongozi asiyeona? Na mimi nisipofuatwa, nisipotembea, ni nini? Ni mzee wa kuketishwa kwenye nyumba ile ya wazee karibu na bandari, kiti kikielekezwa dirishani kwa huruma. Nimewahi kuogopa mbwa, polisi wa mpakani na njaa. Kiti kile nilikiogopa kuliko vyote.

Tukaingia njiani. Kutoka njia panda hadi kwa Rado ni mwendo wa saa moja, njia nyembamba kati ya kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Kuta zile si mapambo. Ardhi yetu ni tupu ndani. Mvua imeila miaka na miaka, na pande zote kuna mashimo, mengine yamejaa miti, mengine ni makoo meusi yasiyo na mwisho. Wazee walijenga kuta ili ng'ombe wasitumbukie. Siku ya utulivu, ukitilia shaka mahali, hutupa jiwe na kusikiliza. Sikio hukupa habari ambayo jicho limeikosa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi miezi ile: mkono ukutani, sikio kazini, na mdomo ukitoa hadithi ili mtu asinitazame sana.

Lakini burja ikaanza. Upepo wetu huo hauvumi, hupiga. Hutua kimya, ukadhani umeondoka, kisha hukujia mgongoni kama ng'ombe dume. Na siku hiyo ilikuja ile nyeusi, inayoburuta mawingu. Saa nane mchana mwanga ukawa kama kitambaa kilichochovywa kwenye majivu. Kofia ya Joost iliruka, ikapita juu ya kichwa changu, ikapotea.

"Hiyo imeenda kwa Rado!" alipiga kelele. "Itatushikia meza!"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Macho yangu yalihitaji mwanga mwingi ili yapate kidogo, na sasa mwanga ulikuwa umekatwa. Njia ilikuwa doa la kijivu ndani ya doa la kijivu. Niliburuza vidole ukutani hadi vikaanza kuchubuka. Jiwe, jiwe, jiwe. Kisha hewa. Ukuta ulikuwa umeanguka hapo, sikujua umbali gani. Nikaokota jiwe, nikalitupa mbele yangu, nikasikiliza. Burja ilikula sauti. Nikatupa jingine. Hakuna. Nilikuwa nimesimama katikati ya mlima niliozaliwa chini yake na sikujua mguu wangu unaofuata ungetua wapi. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile, likanichuruzika mbavuni. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wakingoja, wakiamini kwamba nafikiri.

Mbele kulikuwa na kivuli. Nikajiambia, ni kivuli cha mti. Nikainua mguu.

Mkono ulinidaka mkoba wa mgongoni, ukanivuta kwa nguvu nikaanguka kwa makalio.

"Mzee, unakwenda wapi?" Hanneke alikuwa amepiga magoti, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Ni kivuli."

"Si kivuli. Ni shimo."

Kokoto zilikuwa bado zinaporomoka chini ya kisigino changu. Hazikulia popote.

Hanneke alinishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akaugeuza uso wangu kwake. Mahali pa uso wake palikuwa na tundu la ukungu, na pembeni nywele zikirushwa na upepo.

"Vidole vingapi?" aliuliza.

Nikanyoosha mkono kuvitafuta.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Tangu asubuhi?"

"Tangu Aprili."

"Mmefanyaje huko?" Joost alipiga kelele kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa imepanda juu, nyembamba.

"Mzee ameteleza!" Hanneke alijibu. Kisha akaninong'oneza, "Joost asijue sasa hivi. Akiogopa huketi, na akiketi hainuki. Nisikilize. Mimi njia siijui, wewe unaijua. Wewe macho huna, mimi ninayo. Niambie nitafute nini."

Nitasema kweli: hata pale, ukingoni mwa koo lile, kitu ndani yangu kilitaka kumjibu kwa ukali kwamba najua ninachokifanya. Nilikimeza kwa shida.

"Ukuta uko wapi?" nikauliza.

"Kushoto. Umeanguka hatua kumi hivi, halafu unaendelea."

"Baada ya hapo tafuta mwaloni uliogawanyika mara mbili, kama mtu ameinua mikono."

"Nauona."

"Tunapita upande wa mkono uliovunjika."

Akanishika kiwiko. Tulikwenda hivyo. Mimi nilisema mlima kutoka kichwani, yeye akautafuta mbele yetu. Jiwe lenye msalaba. Birika la kunyweshea ng'ombe. "Lina maji?" "Lina barafu." "Basi tuko sawa, geuka upande wa birika." Kila alipochelewa kujibu, nilisimama, kwa kuwa safari hii sikuwa na pa kukimbilia, hata uongo. Nyuma Joost alikuwa akiimba kwa sauti mbaya, wimbo wa kwao, ili asisikie upepo.

"Naona nyumba," Hanneke alisema. Mkono wake ukakaza kiwikoni. "Lakini, mzee. Madirisha yamefungwa. Hakuna moshi."

Nyumba yenye tawi njia panda haikosi moshi. Hapo hofu ikarudi upya, tofauti na ile ya shimoni. Ile ilikuwa ya mwili wangu. Hii ilikuwa ya watu wawili niliowaleta kwenye mlango uliofungwa, kwenye baridi ya kuua, kwa sababu ya tawi ambalo mwanamke aliyeshika kiwiko changu aliliona limekauka, nami nikamnyamazisha.

Nilipiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Rado! Rado, ni Venci!"

Ilichukua muda. Kisha komeo likaburuzwa, na Zmaga, mke wa Rado, akasimama mlangoni. Nilimjua kwa harufu ya sabuni yake. Niliona weusi tu, toka kichwani hadi chini.

"Venci," alisema. "Umekuja kwenye matanga? Matanga yamekwisha."

"Matanga ya nani, shemeji?"

Akaufungua mlango wote. "Ingizeni miguu ndani, mtakufa hapo nje."

Alitukalisha jikoni, akawasha moto, akapasha supu aliyokuwa amejipikia mwenyewe. Rado alikuwa ameanguka akafa ghalani siku kumi na saba zilizopita, mkono ukiwa bado kwenye bomba la pipa. Siku ya pili tangu kufungua. Wageni walikuwa mezani, wakamngoja na jagi lao. Zmaga alinihadithia akiwa amenipa mgongo, akikata mkate.

"Hakuna aliyekutafuta," alisema. "Wewe hutafutiki."

"Tulifuata tawi," nikasema.

Kisu kikasimama.

"Tawi lile limekauka kama ugoro, Venci. Hata ng'ombe angejua." Akashusha pumzi. "Kila asubuhi nasema leo nakwenda kulishusha. Navaa viatu. Nafika langoni, narudi. Alilifunga yeye. Nikilifungua, ndio basi."

Nilihisi Hanneke ananitazama. Kulikuwa na njia ya kutokea hapo, nyepesi kabisa: ningesema burja, ningesema mawingu, na Zmaga asingeuliza. Vidole vyangu vilivyochubuka vilikuwa vinawaka.

"Sikuliona, shemeji. Mama huyu aliona, nikambishia. Mimi sioni. Uso wako siuoni."

Joost aliweka kijiko chini. "Huoni kivipi? Yaani tumetembea saa nzima mlimani nyuma ya..."

"Nyuma yangu, Joost," Hanneke alisema. "Umetembea nyuma yangu, kama siku zote. Kula."

Zmaga alikuja akaketi karibu nami. Hakusema pole. Alichukua yai la kuchemsha, akalimenya, akaliweka katika kiganja changu, akanifunga vidole juu yake. Lilikuwa na joto. Sikumbuki mara ya mwisho kula chakula nikiwa naogopa waziwazi mbele ya watu.

Tulilala ghorofani. Asubuhi upepo ulikuwa umekwisha, na Zmaga alikuwa amevaa viatu, ana kisu mkononi. Tukaenda wote wanne hadi njia panda, Hanneke akitaja, mimi nikielekeza. Langoni Zmaga alisita. Joost, aliyekuwa amefungwa shali la marehemu kichwani badala ya kofia, alimpa mkono, wakavuka.

Chini ya nguzo alinikabidhi kisu. "Wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Sikukitumia. Nilipapasa juu hadi nikaupata waya. Rado alikuwa na fundo lake: mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani isimchane mtu. Nilimwona akilifunga mara ishirini, enzi za macho. Nilifungua mzunguko mmoja, wa pili, nikangoja Zmaga amalize kulia, nikafungua wa tatu. Tawi lilitua mikononi mwangu, jepesi kuliko nilivyodhani, na majani yakavunjika hapo hapo, yakawa unga. Mtoto mdogo angelijua, kama angeligusa. Nami nililipita jana mkono ukiwa mfukoni.

Nikampa. Akalikumbatia kifuani kama kuni za jioni, akageuka kwenda zake, kokoto zikilia taratibu chini ya viatu vyake mpaka nisizisikie.

Nguzo ilibaki tupu. Barabara ya kushukia mjini naijua kwa upepo unavyonigusa shavu. Ningeweza kuianza peke yangu, na huenda ningefika. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wamesimama, wakingoja, na safari hii walijua wanangoja nini.

Nikaunyoosha mkono pembeni ili ushikwe, unga wa majani bado uko vidoleni. Sikutaja jina la mtu.