Macho ya Bi Dereva

Bi Dereva alipomgonga mwenzake kwa nyuma kwenye mteremko, hakuna aliyeumia, maana malori yote mawili yalikuwa ya kwenye kompyuta. Hata hivyo alivua vipokea sauti akavitupa kitandani kana kwamba vimemng'ata.

Mama huyu alikuwa ameendesha malori ya kweli tangu kichwa chake hakijaota hata unywele mmoja mweupe. Alibeba saruji, mbolea na vioo vya madirisha, akapanda milima na kuishuka, wala hakuwahi kumgusa mtu hata kioo cha pembeni. Kilichomshusha kwenye kiti ni nyonga, si uzembe. Nyonga ilipokataa kukanyaga breki inavyotakiwa, kampuni ilimpa cheti, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Miezi ya mwanzo alishinda dirishani akisikiliza watu wakiingiza gia vibaya huko nje, akisonya.

Ndipo kitindamimba wake, binti aliyefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya bima, alipomletea mashine, usukani wa kuchezea na pedali laini, akamwekea mchezo wa malori. Siku ya kwanza Bi Dereva alicheka. Siku ya pili hakucheka tena, alikuwa safarini.

Mchezo huo ulikuwa na msafara. Watu wa miji mbalimbali, wanaojuana kwa sauti tu, walikutana kila alasiri wakaendesha wakifuatana, wakipiga soga. Kiongozi wao walimwita Kamanda, na haikuchukua muda Kamanda akampa Bi Dereva nafasi ya mbele kabisa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kushuka mlima kwa gia badala ya kuning'inia kwenye breki. Wengine wakajifunza kwake. Walimwita kwa jina lile lile aliloitwa mtaani, na yeye akajiona amerudishiwa kitu chake.

Sasa picha zilikuwa zinakwama. Barabara ilimjia vipande vipande, kama anayeitazama kupitia uzio wa mbao. Alizungusha usukani, na kona ikafika baada ya yeye kuikata. Mara ya kwanza alipanda ukingo wa barabara. Mara ya pili aliangusha nguzo. Na leo hii alikuwa amemgonga mwenzake.

"Bi Dereva," sauti ya Kamanda ilisikika kutoka kitandani, ndogo kama ya chiriku. Bi Dereva akavirudisha vipokea sauti kichwani, naye Kamanda akaendelea. "Unayumba siku hizi. Hebu kaa nyuma kidogo. Pumzika."

"Siyo mimi. Ni picha."

"Sisi wote picha ziko sawa, mama."

Miezi yote hiyo Kamanda hakuwahi kumwita mama. Bi Dereva alizima mashine bila kuaga.

Binti yake alipokuja mwisho wa juma, akaelezwa yote. Alisikiliza huku akipanga vitu kabatini, mgongo kauelekeza kwa mama yake.

"Ni macho, Mama," alisema. "Umri huo. Ubongo unachelewa kupokea picha."

"Macho yangu yanaona mchwa ukutani."

"Mchwa hakimbii kama lori. Twende kwa daktari wa macho, tupate uhakika."

Wakaenda. Daktari alimwonyesha herufi, akammulika mboni, akasema haya ni macho ya mtu wa umri wake. Binti akadaka neno hilo hewani. "Si unasikia? Ya umri wako." Akamnunulia miwani yenye fremu za kahawia. Nayo miwani haikubadilisha kitu; malori yaliendelea kurukaruka kama panzi.

Bi Dereva alikuwa mtu wa kubisha, lakini akipelekwa kwa daktari, ubishi wake huishiwa mafuta. Akaanza kujishuku. Aliacha kuvuka barabara kubwa peke yake. Alisimama ukingoni mpaka apite mtu amshike mkono. Alimpelekea jirani chupa za dawa amsomee, ingawa maandishi aliyaona. Akisikia gari linakuja, alijiuliza kama liko pale anapoliona au limeshasogea. Mtu aliyekuwa akipitisha tela katikati ya soko bila kugusa kapu la nyanya, sasa alikuwa anapapasa ngazi za nyumba yake mwenyewe. Jambo hilo lilimtia hasira asiyojua pa kuipeleka, akaipeleka kwa kila mtu. Alimfokea muuza mkaa. Aligombana na redio.

Alasiri moja, msafara ukiwa umeondoka bila yeye, alifungua kwenye kompyuta ile ile video ya wanakwaya wakicheza. Walikuwa na vitambaa mikononi, wakivizungusha juu ya vichwa. Bi Dereva aliwaangalia bila kuwasikiliza. Kisha akavua miwani, akasogeza kiti. Vitambaa vilizunguka laini, bila kukatika, bila kuruka. Akairudia video. Akairudia tena.

"Macho gani haya," alisema peke yake chumbani, "yanayougua kwenye malori na kupona kwenye kwaya?"

Kesho yake alimwita fundi wa kompyuta, bwana mmoja mwembamba mwenye duka katikati ya saluni na duka la dawa. Fundi alikuja na begi lake, akaifungua mashine ubavuni.

"Vumbi hili unaweza kupandia mchicha," alisema. Akapuliza, akapangusa feni, akapima joto. Mashine ilikuwa baridi kama mtungi. Wakawasha mchezo. Lori likaruka vile vile.

Fundi akachungulia tena. "Draiva yako imezeeka, mama. Hiyo ndiyo shida."

Bi Dereva alimkata jicho. "Rudia."

"Draiva. Ile programu inayoendesha kadi ya picha," fundi akasema upesi, akijitetea kwa mikono miwili. "Siyo wewe, jamani."

Akaweka draiva mpya. Hola. Akapunguza vivuli, akaondoa mvua, akafyeka miti yote ya kando ya barabara mpaka nchi ikabaki uchi. Hola tena. Mwishowe akawasha namba ndogo kwenye pembe ya kioo, inayoonyesha mashine inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Ilisoma kumi na tano.

"Mchezo huu unataka sitini," alisema fundi. "Ndiyo maana unaona inakatika. Macho yako yanasema kweli."

Maneno hayo Bi Dereva alikuwa ameyangoja muda mrefu. Alishika usukani akaendesha, jicho moja kwenye barabara na jingine kwenye namba. Mjini, penye majengo mengi, kumi na tano. Jangwani, pasipo na kitu, kumi na tano. Akasimamisha lori, akazima injini. Kumi na tano.

"Haisogei," alisema polepole. "Fundi, mashine ikielemewa, namba si ingepanda na kushuka? Lori lililochoka linakohoa mlimani, lakini kwenye tambarare linakimbia. Hili halikohoi. Hili limefungwa kidhibiti mwendo."

Fundi aligeuka akamtazama, kisha akavuta kibodi. Alipekua orodha ya programu zinazofanya kazi chini kwa chini, akaikuta moja ndogo, haina hata picha ya kujitambulisha. Ilikuwa inawaka yenyewe kila mashine ilipowashwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuubana mchezo wa malori, na huo peke yake, usizidi picha kumi na tano.

"Imeingiaje?" aliuliza Bi Dereva.

"Haikuingia. Imewekwa. Na aliyeiweka ana paswedi kuu ya mashine." Fundi alikuna shingo. "Nani anayo?"

"Mimi sijui hata inaandikwaje. Alinifungulia mwanangu, akasema nisijisumbue nayo."

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake moja moja, kama mtu aliyekumbuka ana safari. "Mimi ni wa mashine tu, Bi Dereva. Ya nyumbani kwa watu siyajui."

Bi Dereva alipomwambia aiondoe, aliiondoa. Alipomwambia abadilishe paswedi, aliibadilisha, akageuka ukutani wakati mama akiiandika mpya kwa kidole kimoja. Namba ikaruka hadi sitini. Barabara ikanyooka, laini kama imepakwa samli. Bi Dereva aliitazama bila furaha. Mchawi mpe mwana akulelee, wahenga walisema. Yeye alikuwa amempa mwana paswedi.

Jumamosi binti alikuja na mfuko wa matunda. Bi Dereva alikuwa amekaa sebuleni, miwani usoni, mikono magotini. Alikusudia kumpa nafasi. Alijiapiza kwamba binti akisema kweli mwenyewe, atampunguzia adhabu.

"Kaa, mwanangu. Nikumbushe, daktari alisemaje kuhusu macho yangu?"

"Tumeyazungumza hayo, Mama."

"Nikumbushe."

"Alisema ni umri. Yatazidi kuchoka. Ndiyo maana nakwambia uachane na ule mchezo, utembee, upate hewa."

Bi Dereva alivua miwani akaikunja, akaiweka juu ya matunda. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akawasha mashine, akaanza kuendesha. Binti alimfuata hadi mlangoni. Akaona namba kwenye pembe ya kioo, sitini, na mkono wake ukashika fremu ya mlango.

Bi Dereva aliimaliza kona kwanza.

"Mama, nilikuwa najali afya yako."

"Endelea."

"Miguu yako ilikuwa inavimba. Daktari wa nyonga alisema utembee kila siku. Nimekwambia mara ngapi? Ulikuwa unakaa hapo toka chakula cha mchana mpaka giza."

"Uliniambia, nikakataa. Kukataa nako ni jibu."

"Jibu la mtoto."

"Jibu la mwenye miguu yake," alisema Bi Dereva. Sauti yake ilikuwa chini, na waliowahi kufanya naye kazi wangejua kwamba hiyo ndiyo mbaya. "Ungekata waya ningekuelewa. Ungechukua usukani ukaenda nao kwako, tungegombana, tungetukanana, yangeisha. Lakini wewe ulinipeleka kwa daktari wa macho. Ulikaa pale ukaniangalia nasoma herufi kama mtoto wa chekechea, na ulijua."

Binti alianza kulia. Bi Dereva hakumbembeleza.

"Nimekuwa nikisimama ukingoni mwa barabara nikiomba watu wanivushe. Mimi. Nimempelekea jirani dawa anisomee. Nimeogopa ngazi za nyumba yangu. Hukuniharibia mchezo, wewe. Umeniharibia macho mazima."

"Sikujua itafika huko."

"Hukuuliza."

Binti alipangusa pua kwa kiganja. "Na wewe hukuuliza," alisema, naye sasa hasira ikimpanda. "Nilikuja siku ile ya matokeo ya mtihani wangu wa kazini. Nilikaa hapo kitandani nyuma yako mpaka nikachoka. Nilikugusa bega. Ukasema subiri kwanza nimalize mlima huu. Mlima ukaisha, ukaanza mwingine. Nikaondoka. Hujui mpaka leo kama nilifaulu."

Hilo lilimpata Bi Dereva pabaya. Alijua vizuri kwamba hakumbuki mkono wowote begani. Lakini hasira yake ilikuwa bado imejaa shehena, na lori lenye shehena halisimami ghafla.

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Hongera. Sasa njoo hapa." Akamnyooshea vipokea sauti. "Wenzangu wako njiani. Walinirudisha nyuma ya msafara kama mgonjwa. Waambie."

"Mama, tafadhali."

"Waambie kwa mdomo wako."

Binti alivivaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasalimia, akajieleza kuwa yeye ni nani. Kisha akasema kwamba macho ya mama yake hayakuwa na tatizo, kwamba yeye ndiye aliyeubana mchezo kwa makusudi, na kwamba ajali zote zile zilikuwa zake. Mtu mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha. Kamanda akasema, "Tumesikia, binti. Mwambie Bi Dereva nafasi yake iko mbele."

Bi Dereva alidhani hapo ndipo moyo ungetulia. Haukutulia. Aliona tu mabega ya mwanawe yamelegea, shingo imeinama kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, akajionea haya kidogo, na haya hiyo ikamwongezea hasira. Binti alivua vipokea sauti, akaviweka taratibu juu ya meza, akachukua mkoba wake akaenda. Matunda aliyaacha.

Alasiri ile Bi Dereva aliongoza msafara mlimani kote, na hakuna aliyegusa mwenzake. Kamanda alimwomba radhi mbele ya wote. Alijibu, "Yameisha," ingawa hayakuwa yameisha.

Kuanzia Jumatatu akaanza kutembea. Alitoka asubuhi na mapema kabla mtaa haujachangamka, akavuka barabara kubwa peke yake, kidevu juu, akiyakodolea magari yaliyothubutu kumkaribia. Alitembea kwa hasira, na kwa hasira akarudi. Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba miguu ilianza kupungua uvimbe.

Binti hakuja mwisho wa juma lile, wala lililofuata. Lililofuata tena akapiga simu, katikati ya msafara. Bi Dereva alitazama jina kwenye kioo cha simu, akawaambia wenzake watangulie, akaegesha lori pembeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Najua. Naweza kuja?"

Bi Dereva aliyatazama malori ya wenzake yakimpita moja baada ya jingine, laini, kila moja likipiga honi.

"Njoo," alisema. "Nimezima injini. Hebu anza kunieleza huo mtihani ulikuwa wa nini."