Vigingi vya Konani

Hasira ya Bibi Kunegunda haikuwa ya siku ile tu. Alikuwa nayo tangu kiangazi kilichopita, tangu lori lilipomzoa mjukuu wake Evaline pale konani na kumtupa mtaroni kama gunzi la mahindi. Evaline hakufa, Mungu alimnusuru. Lakini mguu wa kushoto ulivunjika vipande na ulipounga ukawa mfupi. Mtoto aliyekuwa akiruka kamba mpaka anafukuzwa aje ale, akawa mtoto wa fimbo.

Na shule iko ng'ambo. Nyumba upande huu, shule upande ule, katikati barabara kuu inayotoka Songea kwenda Namtumbo hadi Tunduru. Pale Matogoro barabara inateremka kilima, inakata kona, na kabla hujamaliza kusema Yesu na Maria, lori liko juu yako na vumbi lake. Zamani, enzi za ushirika, malori yalikuwa machache, yalipita kwa taratibu zake, dereva akisimama kununua ndizi na kusalimia. Tangu biashara ilipofunguliwa, kila mwenye fedha ana lori, na kila mwenye lori anawahi korosho Tunduru kabla mwenzake hajazifikia. Soko huria, wanasema. Bibi Kunegunda aliuona uhuru huo: uhuru wa lori kupita litakavyo, na mtoto kukaa upande wake wa barabara.

Maana Evaline hakuvuka tena peke yake. Alikuwa anafika ukingoni, anasimama, mwili mzima unatetemeka, siku nyingine anajikojolea na ukubwa wote ule. Basi bibi akawa anambeba mgongoni kama kichanga, asubuhi kumpeleka, mchana kumrudisha. Mgongo wa bibi nao ulikuwa umechoka. Na msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, siku chache tu malori yangeanza kufuatana kama siafu. Alichokuwa anakitaka ni kimoja: matuta pale konani, malori yapunguze mwendo, mtoto avuke kwa miguu yake.

Kwa hiyo iliposikika kwamba wakubwa wa barabara wanakuja kufanya kikao cha mpango wa usalama na mazingira, Bibi Kunegunda alivaa kitenge chake cha kanisani, akawahi kiti cha mbele.

Kikao kilikuwa darasani, siku ya Jumamosi. Wageni walikuwa wawili. Mhandisi Henry, kijana wa mikoa ya mbali, shati limenyooka kama limetoka dukani, na Mama Judica wa mazingira, mwanamke mpole mwenye viatu vya kutembelea. Ramani yao ilitandazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Mwenyekiti wa mtaa, Anord, aliwakaribisha kwa maneno mengi mpaka watu wakaanza kukohoa. Nje, nyuma ya darasa, jirani yake Bibi Kunegunda, Adela, alikuwa anawapikia wageni ugali katika sufuria kubwa ya shule.

Henry alieleza vizuri, huwezi kumnyima hilo. Barabara itawekewa alama. Kutakuwa na kalavati mpya, na miti itapandwa kuzuia vumbi. Matuta yatawekwa hapa, akagusa ramani, mbele ya gesti ya Bwana Pankrasi, na hapa, penye geti la kukagulia mbao.

Bibi Kunegunda alisubiri kidole kifike konani. Kidole kikakunjwa, kikarudi mfukoni.

Akasimama.

"Shikamoo bibi," alisema Henry.

"Marahaba, mwanangu. Na konani?"

"Konani?"

"Konani, hapo mlipopita na gari lenu mkanirushia vumbi. Kwenye gesti ya Pankrasi wanavuka walevi, tena usiku, na walevi malori yanawakwepa. Konani wanavuka watoto. Matuta ya konani yako wapi?"

Watu wakacheka. Pankrasi, aliyekaa nyuma, alicheka pia, lakini kidogo.

Henry alifungua faili lake, akafunga. "Bibi, konani tulipapima mwanzoni kabisa. Tukapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu juu, kuonyesha pa kuweka matuta. Tuliporudi, vyote vimeng'olewa. Sasa sisi siku hizi hatulazimishi watu, ni ushirikishwaji. Wananchi waking'oa vigingi, tunaelewa wamekataa."

"Nani kakataa?"

Urban, mfuga mbuzi, mtu asiyekosa neno hata msibani, alikuwa anatazama bati la darasa kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Anord alikuwa anafuta miwani.

Bibi Kunegunda hakuwa na habari ya vigingi. Wakati vinapigiliwa na wakati vinang'olewa alikuwa hospitalini, amelala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto. Akageuka kumtazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikuwa na kitu cha kutazama kwingine. Mwisho macho yake yakatoka dirishani, yakamkuta Adela anasonga ugali. Mwiko aliokuwa nao ulikuwa mrefu na mnene, unaofaa sufuria ile. Na juu, pale mkono unaposhika, ulikuwa mwekundu. Rangi ya dukani.

Alitoka bila kuomba ruhusa.

"Adela. Mwiko huo umeutoa wapi?"

Adela akasita. "Si ule mti wa... Mama, ni mninga ule. Ningeuacha uoze? Nikauchonga tu hapa chini ukawa bapa."

"Nimekuuliza umeutoa wapi."

"Konani," alisema Adela, sauti imeshuka. "Wote tuling'oa. Urban alisema ni vya kubomolea nyumba zetu. Tukaogopa, mama."

"Mimi nimeshika mguu wa mtoto usikatwe, nyie huku mnachonga miko!"

Aliuchomoa mwiko toka kwenye sufuria, ugali umeushikilia, moshi unatoka. Akaingia nao darasani hivyo hivyo, akaulaza katikati ya ramani.

"Kigingi chako hicho, mhandisi. Kilikuwa kinakusongea ugali."

Henry aliruka nyuma kuliokoa shati. Mama Judica akauma mdomo ili asicheke. Lakini Bibi Kunegunda hakuwa anachekesha mtu.

"Urban! Simama. Nani alikwambia ni vya kubomoa?"

"Rangi, mama!" Urban naye alikuwa na lake moyoni. "Rangi nyekundu! Mjini rangi nyekundu maana yake nini? Shemeji yangu wa Bombambili walimchora nyekundu ukutani, wiki haijaisha tingatinga likala jiko lake na choo. Leo naona nyekundu mlangoni kwangu, nifanye nini, niimwagilie maji? Hakuna aliyetuambia kitu!"

"Tulimwambia mwenyekiti," alisema Henry.

Anord akavaa miwani. "Mimi niliambiwa watu wa barabara watakuja, wasisumbuliwe. Basi sikuwasumbua."

Hapo darasa zima likaangua kicheko, na kicheko kile kilimchoma Bibi Kunegunda kuliko yale macho yaliyomkwepa. Akapiga dawati kwa kiganja.

"Mnacheka! Mnacheka nini? Wewe mhandisi, hata jogoo wa jirani akiingia kwako anatanguliza sauti. Nyie mmekuja, mmepigilia miti mbele ya milango ya watu, mmepanda gari mmeondoka. Hodi hamna. Mkakuta miti haipo, hamkuuliza kwa nini. Mkaandika wamekataa! Mimi nimekataa? Evaline amekataa? Na nyie wenzangu, midomo ya kusema mambo ya watu kisimani mnayo, ya kumuuliza mpimaji hiki ni kitu gani hamna. Mkaona afadhali kung'oa. Wewe Urban bila shaka umepata cha kufungia mbuzi, Adela kapata mwiko, mimi nimepata mtoto wa kubeba!"

Henry alifuta ugali kwenye ramani kwa leso, polepole. "Bibi, nimekuelewa. Kweli kabisa. Tatizo mpango umeshapelekwa Dar es Salaam. Tutaliingiza hili awamu ijayo."

"Lini hiyo?"

"Fedha zikipatikana, mwakani, au mwaka utakaofuata."

"Na Jumatatu asubuhi Evaline avukie awamu gani?"

Henry akaanza kukunja ramani. Anord akaona pengo, akasema chakula kiko tayari, wageni waje wale, wawahi mjini.

"Kuleni," alisema Bibi Kunegunda. Akachukua mwiko, akatoka.

Alipitia kwake kuchukua jembe, akaenda konani. Hakumwita mtu. Alianza kuchimba ukingo wa barabara na kumwaga udongo katikati, kitenge cha kanisani kimejaa vumbi, anasema peke yake maneno ambayo padre asingependa kuyasikia. Wa kwanza kumfuata alikuwa Adela, mbio.

"Mama, mwiko wangu! Ugali wa watu umebaki nusu!"

"Chukua jembe."

"Mama..."

"Adela, chukua jembe."

Adela akaenda kuchukua jembe. Zuhura, mama kutoka Tunduru anayeuza mihogo ya kukaanga pale kando, aliweka karai lake chini. "Astaghfirullah, mtagongwa nyote! Angalau wekeni majani juu kule!" Maana madereva wenyewe gari likiwaharibikia hukata matawi na kuyatandaza barabarani, mwenzao anayekuja ajue mbele kuna jambo. Urban alikuwa amefika, anazunguka zunguka kwa aibu. Aliposikia majani akapata pa kukimbilia. Akapanda kilima na panga, akakata matawi, akayatandaza. Kisha wakaja wanaume wengine na mawe, na kisha hata Anord akaja, akasimama kando akielekeza asichoulizwa.

Tuta lilikuwa limefika magotini gari la wageni lilipotokea, linarudi mjini. Dereva aliliona, akakanyaga breki, akalipanda taratibu kama mtu anayeruka mkeka wenye mtoto aliyelala. Likasimama mbele. Henry akashuka.

"Bibi, kuweka tuta barabara kuu bila kibali ni kosa la kisheria!"

"Nifunge. Lakini kwanza muulize dereva wako amepunguza mwendo au hakupunguza."

Dereva aligeukia pembeni, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mama Judica alikuwa ameshashuka. Yeye hakulitazama tuta, alitazama mteremko. "Kisima chenu si kile pale bondeni?"

"Ndicho," alisema Zuhura.

"Basi mvua ya kwanza itaushusha udongo wote huu mpaka kwenye ndoo zenu. Acheni upenyo wa maji huku na huku, na mtaroni wekeni mawe, maji yapungue nguvu." Alipoona wanamtazama tu, alivua koti, akainama kubeba jiwe. "Henry, usisimame kama nguzo ya simu."

Henry alitazama tuta, akatazama kona, akatazama shule. Labda ndiyo mara ya kwanza kuviona vyote vitatu pamoja. "Vigingi vingine viko wapi?" aliuliza.

"Kimoja nimefungia beberu wangu," alisema Urban.

"Kamfungue. Navitaka vyote, nivirudishe mwenyewe. Dar es Salaam nitajua nitawaambia nini."

Hapo wakasikia lori. Lilikuwa juu kilimani, tupu, linateremka kwa kishindo cha mabodi. Watu wakaruka pembeni. Sauti ikabadilika: dereva ameona majani. Breki zikalia kwa muda mrefu, vumbi likawafunika wote, na lilipotua, lori lilikuwa limesimama mbele ya tuta, injini inaunguruma. Kijana akatoa kichwa dirishani. Alikuwa Swalehe, anayejulikana barabara nzima kwa mwendo.

"Mwehu gani amepanda viazi barabarani?"

"Mimi," alisema Bibi Kunegunda. Alikuwa amesimama katikati na jembe. "Zima moto."

"Bibi, shikamoo, lakini korosho zinanisubiri Tunduru!"

"Marahaba. Korosho hazina miguu. Zima."

Swalehe aliwatazama wale wanawake na majembe yao, akazima.

Evaline alikuwa ameifuata kelele ya majembe toka nyumbani, yuko ukingoni, pale pale anaposimamaga siku zote, fimbo mkononi. Bibi yake hakumfuata wala hakuinama kumpa mgongo.

"Vuka."

Mtoto alitazama lori. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama tuta, akamtazama Swalehe, ambaye sasa alikuwa ametoa mikono yote miwili nje ya dirisha, ili aonekane hajashika kitu. Evaline akaweka fimbo barabarani. Akaweka mguu mzima, kisha ule mfupi. Alivuka polepole mno, hakuna aliyemshika, hakuna aliyepiga hata kelele ya kumtia moyo. Alipofika ng'ambo akageuka, akasema, "Bibi, nimefika," kana kwamba hawamuoni.

Bibi Kunegunda alijifuta vumbi usoni kwa pindo la kitenge. Aliuchukua mwiko wa Adela, akauchomeka kando ya tuta na kuugongomea kwa jiwe, wekundu juu, ugali umeukaukia.

"Na mimi kesho nitasonga kwa nini?" alilalamika Adela.

"Muulize mhandisi."

Swalehe akawasha moto, akalipanda tuta pole pole, akapita. Nyuma yake tuta lilibaki limebonyea katikati, alama za matairi zimelikata. Bibi Kunegunda alilitazama. Hasira bado alikuwa nayo, tele. Akatemea viganja, akainua jembe, akaanza kurudishia udongo.