Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Teksi ilisimama mbele ya hospitali asubuhi, na mwalimu wa biolojia akamshusha mdogo wake, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Geti halikuwepo tena. Tangu ukarabati uishe, ukuta wa mbele ulikuwa utando, kama ule unaoizunguka seli: tabaka mbili za mafuta, laini, zenye joto la mwili, na hapa na pale milango ya protini iliyofumba kama midomo. Watu walishazoea. Wagonjwa waliuegemea wakisubiri.

Hewa ilipita bila kuuliza. Maji yalikuwa na vijilango vyake. Mwenye mafuta yake alipenya popote: mheshimiwa mmoja aliyekuja kupima presha alitanguliza tumbo, akayeyukia ndani kama siagi kikaangoni, simu bado ikiwa sikioni. Waliobaki walihitaji mlango unaowatambua.

"Mnamjua nani humu ndani?" mlinzi aliuliza.

"Hatumjui mtu. Mdogo wangu anajifungua, kaka, huoni?"

"Mimi naona, dada. Mlango ndio hauoni, unasikia jina tu. Taja daktari, karani, hata mfagizi."

"Hii si hospitali ya umma?"

"Ya umma kabisa," alisema mlinzi. "Ndiyo maana umma wote uko hapa nje."

Mwalimu alichukua spana kwenye buti ya teksi, akauchana ukuta. Akaona vitanda vitupu, vimetandikwa vizuri. Kabla hajamnyanyua mdogo wake, mafuta yakatiririka, yakakutana. Utando ukitoboka hujiziba. Alikuwa amelifundisha hilo miaka yote, tena kwa furaha. Akauchana tena. Ukajiziba tena. Mlinzi akamwomba asichafue mazingira.

Mtoto alizaliwa pembeni ya barabara, juu ya shuka ya kiti cha teksi. Alikuwa mdogo mno, hajaegemea upande wa mtu yeyote, na vitu vya namna hiyo hupenya vyenyewe. Alimponyoka dereva mikononi, akaingia ukutani. Ndani wakasikika wakishangilia na kuuliza mizani iko wapi.

"Dada, wa kike au wa kiume?" mama yake aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Damu haikukatika. Mwalimu aliukaribia mlango, akataja kila jina alilokuwa nalo: walimu wenzake, wanafunzi wake, marehemu baba yao. Alitaja kwa sauti ya kuomba, halafu kwa matusi. Mlango ulibaki umefumba.

Mdogo wake alikata roho kabla ya adhuhuri. Hapo ukuta ulimpokea mara moja, miguu kwanza, bila kumuuliza jina la mtu. Mwalimu aliupiga ngumi mpaka vidole vikachubuka. Ulibonyea, ukarudi ulivyokuwa.

Baadaye muuguzi alitoa kichwa ukutani, akitabasamu.

"Ni wa kike, na ana njaa. Mama yake yuko wapi, aje amnyonyeshe?"

Mwalimu alimwelekeza mochwari.